Lushoto Haitaki Haraka

Mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha husimama Mombo kwa muda usiotosha hata kumaliza sahani ya chipsi. Abiria wanashuka, wananunua nyama choma au mfuko wa plamu, wanajinyoosha viungo, kisha kondakta anapiga bodi la gari na safari inaendelea. Wachache sana hugeuka kutazama mkono wa kulia, ambako milima ya Usambara imesimama wima juu ya mapaa ya maduka na barabara nyembamba ya lami inajipenyeza korongoni na kupotea. Barabara hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Mwisho wake uko mji mdogo uliokaa bondeni, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mji ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaula bila kuujua: kabichi, karoti, hoho na viazi vinavyoshushwa usiku kwenye masoko yao, sehemu yake si haba imetoka huko.

Lushoto haina kilele cha kupandwa ili mtu apewe cheti, wala mbuga ya kumfukuzia simba kwa gari. Kilichoko ni njia za miguu, na labda ndiyo maana wengi wetu tunaipita. Tumezoea kuamini kwamba utalii lazima uwe na geti, kiingilio cha kupasua mfuko na mnyama wa kupigiwa picha. Wageni wa Ulaya wanapanda Usambara na mabegi yao mgongoni mwaka hadi mwaka. Sisi tunapanda kwa msiba, kwa harusi, au kwa kufuata mzigo wa viazi. Makala haya yanamshawishi msomaji apande siku ambayo hana msiba wala mzigo, na akishafika aache gari alipolala.

Sababu ya kuacha gari ni hii: Usambara haijawahi kuwa pori la kutazamwa. Ni shamba kubwa, soko kubwa na makazi ya watu tangu zamani, na njia zake zote ni njia za kazi. Anayezifuata kwa miguu, kwa mwendo wa wenyeji, ndiye anayeelewa anachokiona. Anayepita kwa gari anaona kijani tu.

Kupanda

Mombo kuna joto la nyika. Noah na kosta zinasubiri kujaa, na "kujaa" kwa Mombo kuna maana pana. Zikiondoka zinaingia moja kwa moja kwenye kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo la mto upande wa pili, dereva akipiga honi kabla ya kila mpindo. Msimu wa mvua kubwa udongo huporomoka barabarani, na madereva wa njia hii wanajua kuusoma ukingo wa mlima kabla ya kuisoma lami. Baada ya nusu saa dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya joto linafungwa kwa ajili ya baridi.

Katikati ya safari iko Soni, mji wa njia panda ambako barabara ya Bumbuli inachepuka. Hapo mto unaanguka kwenye miamba karibu kabisa na barabara, na maporomoko yake yanaonekana hata ukiwa ndani ya gari. Ni vyema kushuka. Siku za gulio, Jumanne na Ijumaa, Soni inafurika watu waliotoka vijijini tangu alfajiri, na mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima pale bila kujilaumu.

Barabara hii ni urithi wa Wajerumani. Reli yao ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na ikaingia Moshi mwaka 1911. Huku milimani walitafuta vitu viwili, ardhi ya kulima na hewa ya baridi ya kuwapumzisha na jua la pwani. Makao ya wilaya waliyaweka katika bonde la Lushoto na kuyaita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, Wilhelm II. Jina hilo lilikufa na utawala wao. Zimebaki kuta nene, madirisha marefu, na mikaratusi iliyokwishazeeka pembeni mwa barabara.

Mji wa saa moja

Lushoto yenyewe unaimaliza kwa saa moja ya kutembea taratibu, na saa hiyo ina faida. Anzia stendi, pita barabara kuu yenye maduka ya pembejeo, benki na migahawa, vuka daraja, zunguka kwenye majengo ya serikali ya enzi ya Mjerumani na makanisa yake, kisha rudi kwa njia ya soko. Njiani utapishana na vijana nadhifu kuliko unavyotarajia katika mji wa wakulima. Hao ni wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa mwaka 1998. Mahakimu na makarani wengi wa nchi hii wamewahi kutetemekea baridi ya Julai katika mji huu.

Siku za soko kubwa ni Alhamisi na Jumapili. Kaa pembeni, usiwe kwenye njia ya makuli, na utazame jinsi tenga la nyanya linavyofungwa. Tenga ni kapu refu la fito, na halijazwi kwa kumiminwa. Kwanza linatandikwa majani makavu ya mgomba chini na ubavuni. Nyanya ngumu, zile ambazo bado zina ukijani, zinapangwa chini ili zibebe uzito. Zilizoanza kuiva zinakwenda juu. Mpangaji anazigeuza moja moja, kikonyo kisichome jirani yake. Tenga likijaa linafunikwa majani tena, na mtu mwenye sindano ndefu analishona mdomo kwa kamba huku akilikandamiza kwa goti. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na ndiyo inayoamua kama mzigo utafika Dar es Salaam ukiwa nyanya au ukiwa mchuzi.

Pembeni yake utaona ugomvi wa zamani wa soko hili: lumbesa. Gunia la viazi au kabichi likishajaa linaongezewa kilemba juu, likashikizwa kwa wavu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, vizuizi vya barabarani vimewahi kuwekwa kwa ajili yake, viongozi wameikemea kwenye mikutano, na bado mkulima ambaye kabichi zake zimeshakatwa hana ubavu wa kumbishia dalali mwenye gari. Mtembezi hawezi kuumaliza ugomvi huo. Anaweza tu kununua plamu, mapeasi na mafyulisi yake kwa mama aliyeyabeba kichwani kutoka kijijini, bila kumnyonya kwa shilingi mia mbili.

Irente, mwisho wa mlima

Matembezi yanayopendwa kuliko yote ni ya Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini. Njia inapanda polepole kupitia kijiji cha Yoghoi, mashamba ya mahindi na maharage upande huu, migomba upande ule, na watoto wa shule wakikupita mbio kama vile hakuna mlima. Mtu mzima asiye na zoezi lolote anafika kwa saa mbili, vituo vya kupumzika vikiwemo.

Ukifika maeneo ya Irente unapita kwenye taasisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri: shule ya wasioona, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, makao ya watoto waliofiwa, na shamba linalojulikana kwa jibini, mkate wa shayiri nyeusi, jemu na juisi. Chakula cha mchana cha shambani hapo, mkate wa moto na jibini mezani chini ya miti, kimekuwa sehemu ya safari kwa wageni wengi. Kwa msomaji aliyekulia ugali na maharage, jibini ile inaweza kuwa na ukali wa kumfanya afikiri mara mbili. Aionje hata hivyo. Maziwa yake ni ya ng'ombe wa mlimani hapa hapa.

Kisha njia inaishia kwenye mwamba, na mlima unaishia hapo hapo. Hakuna mteremko wa kukutayarisha. Chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, mapaa ya mabati yakimetameta, barabara kuu ikiwa na malori yasiyosikika, reli, na mistari ya mkonge iliyonyooka kama kitana. Ng'ambo yake nyika inakwenda hadi macho yanachoka. Siku isiyo na ukungu vilima vya mbali vinaonekana vimeelea.

Picha hiyo yote ina historia, na ni vizuri kuijua kabla ya kutoa simu mfukoni. Mkonge si mmea wa hapa. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai mwaka 1893 vilikuwa 62 tu, na kutoka kwa hivyo 62 ikatoka tasnia iliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani kwa miaka mingi. Na kabla ya mkonge, Mazinde ilikuwa ngome ya Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa wa milima hii. Semboja aliona mapema kwamba nguvu mpya haiko juu mlimani kwenye mvua na mashamba. Iko chini, kwenye njia ya misafara ya Pangani, pembe za ndovu zikishuka na bunduki zikipanda. Akaenda kukaa chini. Ukisimama Irente unaona kwa jicho moja hoja iliyougawa ufalme: mlima na nyika, jembe na bunduki.

Mwindaji aliyeleta nyama

Ufalme wenyewe ulikuwa na kitovu chake Vuga, upande wa Soni. Anayependa matembezi yenye hadithi alale Soni na kupanda kutoka hapo na mwenyeji. Njia zinapita chini ya kilima cha Kwa Mungu, kati ya migomba na kahawa, na kila anayeijua njia anayo namna yake ya kusimulia habari za Mbegha.

Kwa ufupi ni hivi. Mbegha alizaliwa Nguu, na meno ya juu yakamtoka kwanza. Mtoto wa namna hiyo ni kigego, mwenye nuksi, na jamaa zake walipomnyima urithi akashika mkuki na mbwa wake akaingia porini kuwinda nguruwe. Wanyama hao walikuwa wakiharibu mashamba ya Wasambaa. Mbegha akawaua, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Ndivyo alivyopanda mlima hatua kwa hatua, nyama kwa ndizi, kijiji kwa kijiji, mpaka alipoua simba na watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Wanahistoria wanauweka mwanzo wa ukoo wake, Wakilindi, katika karne ya 18.

Simulizi hii tunayo kwa Kiswahili fasaha kwa sababu ya mtu mmoja, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeandika *Habari za Wakilindi*. Ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya kwanza vya historia kuandikwa kwa Kiswahili na mwandishi wa Afrika Mashariki, na bado msomaji wa leo anaweza kukisoma bila mkalimani. Anayepanga safari ya Usambara akitafute kabla ya kununua viatu.

Vuga ilipata wageni wengi kabla ya utawala wa Wajerumani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1848 na kurudi mwaka 1852, akamkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala kutoka mlimani hadi karibu na pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake wanawe na wajukuu walipigana mpaka nchi ikachoka. Wajerumani walipokuja hawakukuta ufalme mmoja wa kuuvunja. Walikuta vipande, na mwaka 1895 wakamnyonga mtawala wa Vuga, Mputa. Leo Vuga ni kijiji chenye mashamba na makaburi ya watawala. Usitarajie kasri. Mwombe mwenyeji akuonyeshe panapostahili kukanyagwa na pasipostahili, na ukiambiwa usipige picha, usipige.

Chini ya miti ya Magamba

Upande mwingine wa mji, kilomita saba hivi kuelekea kaskazini, ndiko unakoanza msitu wa Magamba. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yenye kilele kinachozidi mita 2,200. Hapa kiingilio kipo, kinalipwa ofisini kwao, na mwongozaji ni wa lazima kwa sababu ya akili tu: ndani ya msitu njia za wanyama na njia za watu zinafanana.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanza Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Ni milima mikongwe sana, na kwa kuwa unyevu wa Bahari ya Hindi haukuacha kuifikia hata nyakati bara lilipokauka, misitu yake ilibaki visiwa vya kijani kwa mamilioni ya miaka. Viumbe waliokwama juu wakabadilika kivyao. Ndiyo maana vitabu vya sayansi vimejaa ndege, vyura na mimea yenye jina la Usambara.

Mtembezi wa kawaida hahitaji vitabu hivyo. Atawasikia mbega kabla ya kuwaona, sauti nzito ya kukoroma kutoka juu ya miti, kisha manyoya meupe yakipepea kati ya matawi. Atamwona shorobo, ndege wa kijani asiye na makuu akitulia tawini. Subiri aruke, mabawa yake yakifunguka ni mekundu tupu. Kwenye miamba yenye unyevu na kivuli anaweza kuonyeshwa jamaa wa ua dogo la zambarau ambalo Ulaya linakaa kwenye vyungu vya madirishani. Ua hilo lilitoka milima hii na mingine ya Tao la Mashariki. Mwaka 1892 afisa wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea akalipa jina la ukoo wao: *Saintpaulia*. Leo linauzwa dunia nzima. Mlima wake haupati senti.

Kinyonga humtafuti msituni. Yuko kwenye ua wa nyumba uliyolala. Wa hapa dume ana pembe mbili bapa zilizochomoza puani, na anapokanyaga kijiti anayumba mbele na nyuma kabla ya kuweka mguu, jicho moja likikutazama wewe na jingine likitazama nzi. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa. Usiku, kwa tochi, rangi yake hufifia na anaonekana kwa urahisi amelala kwenye ncha ya tawi. Mtazame, usimshike, usimng'oe kwenye usingizi wake kwa ajili ya picha.

Magamba nayo ina makovu. Miti mikubwa kama mkulo ilivunwa kwa miaka mingi, na humo msituni mabaki ya kiwanda cha kupasulia mbao bado yapo. Vijiji vinavyouzunguka vinategemea maji yake kwa mifereji na mabomba. Ukisikia mzee wa Magamba akiongea juu ya msitu, mara nyingi anaongea juu ya maji.

Matuta yenye ubishi

Rudi mashambani. Mteremko wowote ukiutazama kwa makini utaona mistari inayoufuata mlima kwa usawa: makingamaji, safu za majani ya ng'ombe, mistari ya migrevilea. Wageni hupiga picha wakidhani ni uzuri tu. Kila mstari una ubishi nyuma yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza iliona udongo wa Usambara unakwisha, ikaanzisha mpango wa Mlalo mwaka 1946 na baadaye kuupanua milimani. Wakulima waliamriwa kulima matuta ya kufungana, wasiotii wakatozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, ya jembe la mkono, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Watu wakakataa. Ukataaji huo ukakutana na vuguvugu la uhuru, na TANU ikapata milimani wanachama waliokuwa tayari na hasira yao. Kabla bendera haijabadilishwa mpango ulikuwa umekufa. Mwanahistoria Steven Feierman ameieleza vita hiyo ya matuta katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima kama watu wa fikra. Wakulima wake wanajadili ardhi, mvua na mamlaka kwa kina cha kuwaaibisha wataalamu.

Kuanzia mwaka 1981 ukaja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, safari hii kwa msaada wa Ujerumani. Huu ulihimiza kupanda majani ya malisho kwenye kingo za mistari. Ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani anahitaji majani kila siku, kwa hiyo aliyepanda kingo alikuwa amepanda pia chakula cha ng'ombe wake. Mistari mingi unayoiona ina sababu ya namna hiyo. Mkulima wa Usambara hakuwahi kupinga kuuhifadhi mlima. Alipinga jasho lisilo na mavuno.

Chini kabisa ya mabonde, kando ya vijito, ndiko mboga zinakolimwa mwaka mzima. Vitalu ni vidogo, vingine havizidi ukubwa wa chumba, na maji yanagawanywa kwa zamu. Ukipita hapo fuata njia, usikate kona juu ya kitalu. Mche wa kabichi uliokanyagwa ni pesa iliyokanyagwa.

Kwa wenye siku zaidi

Wanaoweza kukaa zaidi wasogee Mlalo, kilomita 30 hivi kutoka Lushoto, mji wa bondeni wenye nyumba za udongo zenye roshani za mbao na misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1891. Mbele zaidi, karibu kilomita 60 kutoka Lushoto, iko Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa kaskazini mwa milima, nyika ya Mkomazi ikiwa chini yake. Siku ikiwa safi, asubuhi mapema, Kilimanjaro huonekana. Gari linafika, lakini vipande vya njia kutoka kijiji hadi kijiji ni vya miguu, na nyumba za wageni zipo za kulala katikati. Magari ya huko huondoka kwa ratiba yake, si yako.

Adabu na mfuko

Wakati mzuri wa kutembea ni Julai hadi Septemba mapema, na Januari na Februari. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, njia zinateleza, na ukungu unaweza kukuficha Irente nzima ukabaki unatazama pamba. Juni na Julai beba sweta halisi. Koti la kuendea harusi halitoshi. Viatu viwe vya kushika udongo. Beba koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe, na pesa ndogo ndogo za noti, maana mama mwenye plamu hana chenji ya elfu kumi.

Salamu ni kiingilio cha kweli cha mlima huu. Hupishani na mtu kimya. Mzee anapewa shikamoo yake, na ukitaka kupendwa mara moja jaribu Kisambaa: asubuhi sema "onga maundo", nawe ukisalimiwa jibu "ni wedi". Shukrani ni "hongea". Matamshi yako yatachekwa, kisha utaonyeshwa njia, na pengine utasindikizwa.

Mchukue mwongozaji wa hapo hapo, kupitia vikundi vya utalii wa utamaduni mjini au kwa kuulizia nyumba uliyofikia. Wapo watakaosema njia ya Irente inajulikana, haina haja ya mtu. Ni kweli huwezi kupotea. Lakini bila mwenyeji utaona kilima, yeye anaona shamba la shangazi yake, mpaka wa ugomvi wa mwaka juzi na chemchemi iliyokauka. Patana bei kabla ya kuondoka, lipa yote, na kula mahali anapokula yeye: makande ya mgahawani sokoni yanashibisha kuliko chakula cha hotelini na bei yake ni ya kibinadamu.

Njia hizo hazikutengenezwa na idara ya utalii. Mvua ikiharibu daraja la magogo au kubomoa ngazi za udongo, wanakijiji huitana kwenye msaragambo na kulitengeneza siku hiyo hiyo, bila malipo, kwa sababu wanalihitaji kufikia shamba, shule na zahanati. Mgeni anayepita juu yake amebebwa na kazi ya watu asiowajua. Kwa hiyo anachoacha kijijini, kwa mwongozaji, kwa mama wa plamu, kwa mwenye nyumba ya wageni, asikihesabu kama hisani. Hayo ni malipo ya barabara.

Panga kuanza Ijumaa: panda jioni, Irente Jumamosi, soko Jumapili. Tatizo ni kwamba mabasi ya kurudi Dar es Salaam huondoka Lushoto asubuhi na mapema, wakati matenga ya sokoni ndiyo kwanza yanafunguliwa. Anayetaka soko atakosa basi. Omba ruhusa ya Jumatatu kabla ya kuondoka nyumbani.